Uji wa Mama Kilabu

Sijui alizaliwa kijiji gani wala ukoo wake ni upi, na hakuwa mtu wa kuulizwa mambo hayo. Ninachojua ni kile nilichokiona kwenye jengo lake pale Mlowo, nyuma ya mashine ya kukoboa mahindi, kila Jumatano na Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi. Juu ya mlango palikuwa na kibao cha bati kilichoandikwa KILABU kwa rangi nyekundu. Mgeni yeyote aliyepita pale angeapa kwamba ndani kunauzwa pombe, na kwa miaka mingi kabla yangu iliuzwa kweli. Yeye ndiye aliyeipika: komoni ya mahindi kwa wapita njia, na kimpumu cha ulezi kwa wazee waliojua kunywa kwa mrija.

Alipoacha kupika hakuondoa kibao. Mchungaji mmoja alijitolea kuja na rangi akifute mwenyewe. Akamwambia, "Mchungaji, mlevi akitoka kwake asubuhi anatafuta nini? Anatafuta kilabu. Nikiandika Kituo cha Ushauri atapita kama hajui kusoma." Watu wakaendelea kumwita Mama Kilabu, naye akaitika.

Mimi niliingia kwa sababu ya kibao hicho. Nilikuwa karani kwenye ofisi ya uwakala wa forodha Tunduma, nikishughulikia makaratasi ya malori yanayovuka kwenda Zambia. Pale mpakani mtu anaweza kunywa miaka bila kuonekana anakunywa. Unasubiri muhuri, unasubiri lori lisogee kwenye foleni, unasubiri umeme urudi, na kila mahali pa kusubiria pana kijichupa. Asubuhi ile nilitumwa Mlowo kumpelekea dereva karatasi alizosahau. Alipoona mkono wangu unavyotetemeka aliniuliza kama nina malaria.

Wakati huo mke wangu alikuwa na wiki tatu tangu aondoke. Alirudi kwao Iyula na binti yetu, Atu. Hakuondoka kwa kelele. Alifagia nyumba, akakunja nguo zangu, akamwachia jirani ufunguo na maneno machache: nisimfuate mpaka niwe nimeacha pombe. Baba yake alinipigia simu akarudia hayo hayo. Sababu ya kuacha nilikuwa nayo, tena kubwa kuliko zote. Njia ndiyo sikuijua. Nilichojua ni kwamba nikipata kopo moja mkono utatulia, kwa hiyo nikamuuliza bodaboda kilabu cha karibu kiko wapi. Akanionyesha kwa kidevu.

Ndani nilikuta watu kama kumi na wawili kwenye mabenchi yaliyozunguka kuta, kila mmoja ameshika kopo la plastiki. Kulikuwa na harufu ya ulezi. Nilifarijika. Nikakaa karibu na mlango, nikanyoosha mkono, na mama mmoja mrefu akaja na ndoo na kata akanijazia kopo. Nikafumba macho nikapiga funda kubwa.

Ulikuwa uji, wa moto, wenye limau. Nikaungua ulimi.

"Taratibu," akasema yule mama. "Haukimbii."

"Mama, mimi nimeomba pombe."

"Hukuomba kitu. Umenyoosha mkono."

Mabenchi yote yakacheka. Baadaye niliambiwa kwamba zaidi ya nusu yao walianza kwa kuungua ulimi vile vile.

Nilitaka kuondoka, lakini kopo lilikuwa limejaa, na kwetu hupokei uji wa mama mtu mzima ukaumwaga mlangoni pake. Nikanywa taratibu. Wakati nakunywa, mwanamume wa upande wa pili alikuwa anaeleza jinsi alivyong'oa mabati ya nyumba yake ili akayauze, mke wake yumo ndani anapika. Alisimulia kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeelekeza njia. "Akaniuliza nafanya nini huko juu, nikamwambia nakagua uvujaji." Watu wakacheka, yeye akacheka, kisha akanywa uji wake na hakuna aliyemharakisha. Nilikuwa nimeishi miaka mingi nikidhani mimi peke yangu ndiye mwenye habari za namna hiyo.

Nikarudi Jumamosi.

Mama Kilabu alikuwa na mabega ya mtu aliyebeba mapipa ya maji maisha yake yote. Alivaa kitenge cha Zambia na juu yake koti la suti la kiume, mifuko imejaa vibiriti, dawa ya kikohozi, penseli na karanga. Kiswahili chake kilipanda na kushuka kwa mapigo ya Kinyiha, na akikasirika Kinyiha chenyewe kilitoka, ndipo wasiokijua walipokaa vizuri zaidi. Kila mtu alimpa jina la kazi yake. Mimi nilikuwa Karani. Mstaafu wa shule ya msingi alikuwa Mwalimu. Yule wa mabati aliitwa Fundi, ingawa hakuwahi kuwa fundi wa kitu chochote.

Wachelewaji aliwasubiri mlangoni. "Nilipokuwa napika pombe mlikuwa mnanigongea dirisha kabla jua halijatoka," aliwaambia. "Leo ni uji, mnakuja saa nne mmechana nywele!"

Kitu kilichomtisha kila mgeni ni pua yake. Kwa miaka mingi alijua kwa kunusa mtungi gani umeiva na upi umeharibika, na ujuzi huo haukumtoka. Siku moja nilimleta dereva wa Kizambia niliyekuwa nashughulikia karatasi zake, mtu mpole aliyekuwa karibu kupoteza leseni. Mama Kilabu alisimama mbele yake akamnusa.

"Umekunywa nini?"

"Soda tu, ba mayo. Soda, mukwai," akamjibu kwa adabu za lugha ya kwao.

"Jana jioni umekunywa kitu cha chupa ndogo, cha kwenu Nakonde. Asubuhi umetafuna kitunguu ili mimi nisijue. Na hilo shati si lako."

Dereva akaangalia shati lake. "La kaka yangu," akasema kwa sauti ya chini.

"Sijauliza la nani. Kaa hapo. Uji."

Hakumfukuza mtu aliyekuja ananuka. Alimkalisha benchi la mlangoni, naye alipaswa kusikiliza bila kusema neno. Mimi nilikaa benchi hilo siku ya kwanza kwa kutojua, na mwezi wa pili nikalikalia nikijua kabisa, baada ya siku mbili nilizopoteza Tunduma. Mama Kilabu alininusa. Aliweka kopo mkononi mwangu, akanifunga vidole vyangu juu yake kimoja kimoja, akaenda kwa mwingine.

Hakuvumilia vilio virefu, wala hakumfuata mtu nyumbani kwake. "Mimi si polisi," alisema. Mke wa mwanakikundi mmoja alipokuja kumsihi aende akazungumze na mumewe aliyeacha kuhudhuria, alimkatalia mbele yetu, kisha akampa uji. Kanisani aliombwa mara nyingi atoe ushuhuda wake, mpika pombe aliyeokoka. Aliposimama hatimaye, alimshukuru Mungu kwa mvua, akakaa.

Mwisho wa kila kikao alizunguka mabenchi na swali moja: "Leo umekunywa?" Jibu lilikuwa moja tu: "Bado." Ukisema "Hapana" alirudia swali. Ukisema "Nimeacha" alikuwa anaweka kata chini.

"Umeacha? Kwa hiyo umemaliza kazi?"

"Ndiyo, mama."

"Na mtu akimaliza kazi huwa anakwenda wapi?"

Wote tulijua watu wakimaliza kazi huwa wanakwenda kunywa.

Ofisa mmoja wa maendeleo ya jamii alikuja kutuona, akasikia watu kumi na watano wakijibu "Bado" mmoja baada ya mwingine. Akainua kichwa kwenye daftari lake. "Samahani. Bado? Kwa hiyo mnatarajia kunywa saa ngapi?"

"Hatujapanga, mheshimiwa," Mwalimu akamjibu. Ofisa akaandika hivyo hivyo.

Nisimfanye malaika. Alikuwa mbishi, na alikuwa na wivu: mtu akisifu maombi ya mahali fulani au dawa ya mganga fulani alinuna kikao kizima. Na kulikuwa na suala la kimea. Ulezi ule ule aliotupikia uji, sehemu yake aliulowesha, akauotesha, akauanika uani, na kimea hicho alikiuza siku ya soko kwa wanawake wanaopika kimpumu. Tulipita kando ya mikeka yake kila tulipokwenda kikaoni, tukaangalia pembeni. Mwalimu ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Alisimama, mikono nyuma kama yuko mbele ya darasa.

"Mama, asubuhi unatupa uji, siku ya soko unawauzia wapika pombe kimea. Unatutoa shimoni au unatuchimbia?"

Tulisubiri Kinyiha kitoke. Yeye akaendelea kuosha makopo, akaosha hata yaliyokwisha kuoshwa. "Nakula kimea, Mwalimu," akasema mwishowe. "Sijui kazi nyingine." Kisha, baada ya kopo jingine: "Umesema kweli. Sijui nifanyeje."

Mwalimu aliondoka, na kwa wiki tatu hakuonekana. Kila kikao Mama Kilabu alijaza kopo lake akaliweka mahali pake kwenye benchi, likapoa, akalimwaga. Wiki ya nne Mwalimu alirudi akalikuta la moto. Kimea kiliendelea kuanikwa. Sikuwahi kusikia wakilizungumzia suala hilo tena, na mpaka leo sijui nani kati yao alikuwa na haki.

Mwezi wa saba tangu uji wa kwanza nilijiona niko tayari. Nilipiga pasi shati, nikapanda gari mpaka Iyula. Baba mkwe alikuwa nje na ndugu zake wawili, wanageuza kahawa kwenye vichanja. Mke wangu alikuwa amesimama mlango wa jikoni, na nyuma yake mama mkwe, ambaye kwa mila hatusogeleani naye. Nilisalimia vizuri. Niliitikiwa vizuri. Mzee akafuta mikono akaniuliza moja kwa moja, mbele ya wote:

"Haya. Umeacha pombe?"

"Bado," nikasema.

Lilitoka lenyewe. Miezi saba nilikuwa nimejibu hivyo kwa swali linalofanana na hilo, na ulimi haukunisubiri. Niliona uso wa mzee unabadilika.

"Baba, maana yake ni kwamba..."

"Maana yake naijua. Kiswahili nimesoma."

"Hapana, baba, ni vile tunavyojibu kilabuni."

Ndugu yake mmoja akaachia reki. "Kilabuni?" akasema. "Huyu katokea kilabuni!"

"Si kilabu cha pombe! Ni kilabu cha uji!"

Hapo wote wawili wakacheka, na cheko lao lilikuwa baya. Mzee hakucheka. "Nenda, baba," aliniambia kwa upole, na upole huo ndio ulionimaliza. "Ukiacha, utakuja." Nilipogeuka mlango wa jikoni ulikuwa hauna mtu.

Niliposhuka Mlowo kubadilisha gari ilikuwa Alhamisi mchana. Kutoka stendi nilipokuwa nimesimama niliona milango mitatu ya pombe halisi, yote wazi, na mmoja ulikuwa na kivuli kizuri. Nilisimama pale muda ambao sipendi kuukumbuka. Halafu nikaenda kugonga mlango wa Mama Kilabu, ingawa haikuwa siku ya kikao. Alinifungulia, akaninusa, akasikiliza habari yote kuanzia shati hadi reki. Kwenye "kilabu cha uji" midomo yake ilicheza kidogo akaizuia. Kisha akaniwekea ungo wa ulezi mapajani.

"Toa mawe," akasema.

Nilitoa mawe mpaka gari la mwisho la Tunduma.

Jumamosi tulimkuta Mwalimu ameshika kata. Mama hayupo, alisema, amesafiri. Hakuna aliyewahi kumsikia akikosa kikao. Nilijua alikokwenda baada ya siku nne, mke wangu aliponipigia simu kwa mara ya kwanza tangu aondoke. Alianza kusimulia bila hata kunisalimia, sauti yake ina kitu kama kicheko.

Mama Kilabu alikuwa ameshuka kwenye pikipiki huko Iyula na koti lake la kiume, akasalimia wote, akakaribishwa kiti. Mzee akamuuliza ni nani.

"Mimi ndiye mwenye kilabu," akasema.

Mzee akaanza kuinuka.

"Kaa, mzee wangu. Nina swali moja tu. Wewe umekufa?"

Mke wangu alisema hata kuku walinyamaza. Mzee wa miaka sabini na kitu, kwenye uwanja wake, mbele ya mke wake na wajukuu.

"Umesemaje?"

"Nimeuliza kama umekufa."

"Bado!" mzee akafoka.

"Una mpango wa kufa leo?"

"Sina!"

"Basi na mkwe wako ni hivyo hivyo. Nikimuuliza kama amekunywa, ananijibu kama ulivyonijibu wewe. Na akinijibu vinginevyo namkatalia."

Mzee alibaki ameshika magoti. Halafu akavua kofia, akajifunika nayo usoni, mabega yakaanza kutikisika, na ilichukua muda watu kujua kwamba anacheka.

Ndipo Mama Kilabu akaeleza habari zangu, na mke wangu alisikiliza kila neno kutoka jikoni. Jumamosi zote nilizokuja. Jumatano nilizopata nafasi. Na hakuficha mwezi wa pili: "Mwezi huo alikuja ananuka. Alikaa benchi la mlangoni. Jumamosi iliyofuata alirudi." Alikunywa chai, akakataa kusindikizwa, akaondoka.

"Angekusifu tu," mke wangu aliniambia kwenye simu, "nisingerudi."

Alirudi kabla kahawa haijaisha vichanjani. Atu alikuwa ameota meno mawili ya mbele. Mama Kilabu hakuniambia kamwe kwamba alikwenda Iyula, na nilipojaribu kumshukuru aliniuliza kama nimekuja kunywa uji au kuhutubia.

Kuhusu kwa nini aliacha kupika, nilikusanya maelezo matatu. Fundi alisema ni kanisa. Mwalimu alisema kuna mteja alitoka pale akagongwa na lori barabara kuu. Mwanamke mmoja sokoni alisema aliota ndoto. Nilipopeleleza, maelezo yote yalikuwa na kasoro: kanisani alikuwa ameingia miaka mingi kabla, lori lilimgonga mteja wa kilabu kingine, na yule wa ndoto hakukumbuka ndoto yenyewe.

Mwaka huu tulimfuata Ileje. Miguu imeanza kumgomea, na binti yake amemchukua akae naye huko milimani. Mwalimu ndiye anayegawa uji sasa. Nilikwenda na mke wangu, tukamkuta nje amekaa kwenye mkeka, amekuwa mdogo ndani ya koti lake. Tulikaa naye. Nikamuuliza kile nilichokuwa nakipeleleza.

"Nilikuwa naonja," akasema.

"Kila mpika anaonja, mama."

"Mimi nilionja mpaka mtungi unaisha. Nani angejua? Mpika pombe akinuka pombe, si ananuka kazi yake?" Alinyoosha mguu mmoja kwa mikono miwili. "Nilipoacha, asubuhi ya kwanza nilikaa mle ndani na mabenchi matupu. Nikaona saa sita sifiki bila kunywa. Nikapika uji, nikafungua mlango, nikamwomba Mungu aingie mtu yeyote, hata mwizi. Akaingia mlevi, anataka pombe. Nikamkalisha. Tukaongea. Nikafika saa sita."

Miaka yote ile alizunguka mabenchi na swali lake, na hakuna kati yetu aliyewahi kumuuliza yeye. Nadhani aliona ninavyohesabu jambo hilo kichwani, kwa sababu alinigeuzia mgongo akamtazama mke wangu.

"Na huyu, anakusumbua?"

"Ananisumbua sana, mama." Mke wangu alijiweka sawa kwenye mkeka, kama mtu aliyesubiri kuulizwa. "Anakoroma. Nikipika anakuja kufunua sufuria kila dakika. Akirudi kazini anasimulia habari za malori mpaka mtoto anasinzia na chakula mdomoni."

"Malori?"

"Na namba zake! Kila lori na namba yake!"

"Yesu wangu," Mama Kilabu akasema, akamshika mkono. "Pole, mwanangu. Hilo sina dawa yake."

"Ndivyo nitakavyoishi?"

"Ndivyo utakavyoishi."

Walicheka wakaegemeana. Kisha wakaendelea kunisema, soksi zangu, mafua yangu, jinsi ninavyokata vitunguu, kama vile sipo, wala hakuna aliyefikiria kunitetea. Nilikuwa nimeinuka, nimesimama kati yao na bonde, nimeshika kofia, nina furaha ambayo sikuwa na pa kuiweka.

"Karani," Mama Kilabu akaniambia, "sogea huko, unatuzibia jua."

Nikasogea.